"Hakuna kitu": Kauli inayowaponza wanawake wenye maumivu ya nyonga

Katika darasa langu la semantiki huwapa wanafunzi sentensi mbili wazilinganishe: "Hakuna kitu" na "Hatukuona kitu." Ya kwanza hukanusha kuwapo kwa kitu chenyewe. Ya pili hukanusha tendo la kuona tu, na kumwachia msikilizaji nafasi ya kuuliza: mlitazama wapi, lini, na kwa njia gani? Wanafunzi huitambua tofauti hiyo mara moja, wakaiandika daftarini, wakaenda zao kunywa chai. Nakiri kwamba hata mimi ninayelifundisha somo hilo sikuutambua uzito wake mpaka nilipomsindikiza dada yangu hospitalini kufanyiwa uchunguzi wa ultrasaundi.

Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto wanne. Kwa muda wa miaka mitatu alikuwa akiumwa na sehemu ya chini ya tumbo, zaidi upande wa kushoto. Hayakuwa maumivu ya kukata, bali uzito, kana kwamba amefungiwa jiwe kwa ndani. Asubuhi aliamka mzima. Kufikia kipindi cha mwisho cha alasiri, baada ya kusimama mbele ya ubao kutwa nzima, alilazimika kuishika meza ili asichutame mbele ya watoto. Siku chache kabla ya hedhi hali ilizidi. Akijilaza kwa saa moja, jiwe lilipungua uzito. Haya yote alinieleza ndani ya matatu, sauti ya chini, kwa kuwa mimi ni nduguye tumbo moja na mwanamke mwenzake. Lakini daktari alipomuuliza, "Mama, unaumwa wapi?" alijibu, "Tumbo, daktari." Karatasi ya kumpeleka kupigwa picha ikaandikwa maumivu ya tumbo, basi.

Alilazwa chali kitandani, akapakwa jeli, picha zikapigwa kwa dakika zisizozidi kumi. Mji wa mimba salama, ovari salama, uvimbe hapana. "Mama, hakuna kitu," aliambiwa kwa sauti ya upole na, siwezi kukana, kwa nia njema kabisa. Tukarudi nyumbani. Na maadamu hakuna kitu, baadhi ya wale waliokuwa wakimwonea huruma katika chumba cha walimu walianza kunong'onezana kwamba mwenzao anatafuta visingizio vya kukwepa vipindi vya alasiri.

Kitu kilikuwapo. Kilionekana mwaka mmoja na nusu baadaye, kwa mashine ya aina ile ile. Nimeona vyema nieleze jinsi kilivyoonekana, kwa sababu kisa hicho kinatuhusu sisi tunaofundisha na kujifunza lugha sawa na kinavyowahusu madaktari.

Mwanafunzi yeyote wa sekondari aliyesoma biolojia anajua kwamba ateri huitoa damu moyoni na vena huirudisha. Anajua pia kwamba damu inayotoka sehemu za chini za mwili haina budi kupanda mlima, na kwamba ndani ya vena nyingi mna vali, mithili ya milango inayofunguka upande mmoja tu, ili damu iliyokwisha kupanda isishuke tena. Vali hizo zikilegea, damu hurudi chini, vena hutanuka, hujaa na kujipinda kama mizizi ya mvumo. Mishipa ya namna hiyo twaiona kwenye miguu ya watu wengi wanaoshinda wamesimama: walimu, wauzaji wa madukani, askari wa lindo. Tusichokiona ni kwamba jambo lilo hilo hutokea ndani ya nyonga ya mwanamke, katika vena zinazouzunguka mji wa mimba na ovari.

Ujauzito una mkono mkubwa katika jambo hili. Damu ya mjamzito huongezeka kwa takriban nusu ya kiasi chake cha kawaida, na vena za ovari hutanuka mno ili kuihimili. Baada ya kujifungua nyingi hurudia hali yake. Nyingine hazirudi, na vali zake hazikutani tena. Ndiyo sababu maradhi haya huonekana zaidi kwa wanawake waliozaa zaidi ya mara moja. Upande wa kushoto nao una taabu ya peke yake. Vena ya ovari ya kulia humwaga damu moja kwa moja katika vena kuu ya mwili, ilhali ile ya kushoto hupanda hadi kwenye vena ya figo, nayo vena hiyo ya figo hupita katika uchochoro mwembamba kati ya ateri mbili. Ikibanwa hapo, damu hutafuta njia ya kurudi ilikotoka. Kuna pia mahali pengine, chini zaidi, ambapo vena ya kushoto ya nyonga hupita nyuma ya ateri ya upande wa kulia na huweza kugandamizwa kwenye uti wa mgongo. May na Thurner walilieleza umbo hilo mwaka 1957, na hadi leo madaktari hulitaja kwa majina yao.

Sasa, ultrasaundi huonaje haya? Mashine hutoa sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia. Sisi huishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde, hali mashine hizi hutumia mamilioni. Sauti huingia mwilini, hugonga viungo, hurudi kama mwangwi, na kompyuta huugeuza mwangwi kuwa picha. Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha matokeo yao ya kwanza kuhusu uvimbe wa tumboni mwaka 1958, baada ya Donald kufanya majaribio kwa chombo cha kiwandani kilichokusudiwa kutafuta nyufa ndani ya chuma. Picha ya namna hiyo hueleza umbo. Haielezi mwendo.

Kwa mwendo tunamshukuru Christian Doppler, ambaye mwaka 1842 huko Prague aliandika kuhusu mwanga wa nyota. Miaka mitatu baadaye Buys Ballot aliijaribu nadharia hiyo kwa sauti, huko Uholanzi, kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta kwenye garimoshi na kuwaweka wanamuziki wenye masikio makini kando ya reli. Sisi hatuhitaji garimoshi. Anayesimama kando ya barabara kuu, basi likipita likipiga honi, husikia sauti nyembamba linapokuja na nzito linapokwenda. Mwangwi wa damu hubadilika vivyo hivyo, na mashine huupaka rangi: kwa kawaida nyekundu kwa damu inayokielekea kifaa na buluu kwa inayokipa kisogo. Wanafunzi wengi hudhani nyekundu ni ateri na buluu ni vena, kama zilivyochorwa vitabuni. Sivyo. Mpimaji akikigeuza kifaa, rangi hubadilishana. Ni mapatano matupu, kama yalivyo mapatano kati ya neno na kitu, na nimeanza kuutumia mfano huu darasani ninapofundisha unasibu wa ishara wa Saussure.

Hapa ndipo tunapofikia kiini. Damu inayorudi nyuma hurudi kwa sababu ya uzito wake. Mlaze mgonjwa chali, na mlima umeondoka. Vena zilizojaa hupungua, na rangi huenda isigeuke kamwe. Kwa hiyo mtaalamu anayeyashuku maradhi haya hampimi mwanamke akiwa amelala tu. Humsimamisha, au humwinua kichwa na kifua kitandani, na humwambia azibe pumzi na ajikamue kana kwamba anajifungua. Mbinu hiyo huitwa kwa jina la Valsalva, tabibu wa Bologna aliyefariki mwaka 1723. Kwa muda huo mfupi hutazama kama damu inageuza njia. Hupima kipenyo cha vena ya ovari, na wataalamu wengi huanza kushuku kinapofika milimita 6 hivi. Hutazama kama vena zinazouzunguka mji wa mimba zimejipinda na damu yake inajikokota. Uchunguzi huo hufanywa kwa kupitisha kifaa juu ya tumbo na pia kwa kifaa chembamba kinachoingizwa ukeni, ambacho hukaribia zaidi. Hata upasuaji wa kutazama tumboni kwa kamera waweza kuzikosa vena hizi, kwani mgonjwa huwa amelazwa, mara nyingi kichwa kikiwa chini, na tumbo limejazwa hewa inayozibana.

Ajabu ni kwamba hata zikionekana, kazi haijaisha. Wako wanawake wenye vena pana mno wasiohisi lolote maishani mwao, na wako wenye maumivu ya nyonga yanayotokana na endometriosisi, fibroidi, maambukizi, kibofu au utumbo. Milimita peke yake haina maana. Hupata maana inapowekwa kando ya maneno ya mwenye mwili: huanza lini, huzidi nikifanya nini, hupungua nikikaa vipi. Kwa maradhi haya swali la "lini" lina thamani kuliko la "wapi". Uzito unaozidi jioni, unaozidi kwa kusimama, unaozidi kabla ya hedhi, unaobaki kwa saa nyingi baada ya kukutana na mume, na unaopungua kwa kulala, ndio unaomwambia mpimaji amsimamishe mgonjwa na aiwashe rangi. Bila maneno hayo karatasini, atafuata utaratibu wa kila siku, na utaratibu wa kila siku ni kumlaza.

Walimu wa Kiswahili wenzangu, tuitazame sajili ya hospitali tunayoifundisha. Mwanafunzi wa sekondari ataorodhesha sifa zake hata akiwa usingizini: msamiati wa afya, maswali na majibu, sentensi fupi fupi, kuchanganya ndimi, lugha ya upole. Ukifunua mifano ya mazungumzo tunayowaandikia, aghalabu daktari huuliza "Unaumwa wapi?" na mgonjwa hujibu kwa nomino moja. Tumeyatunga mazungumzo hayo miaka nenda miaka rudi, mimi nikiwamo, na tumewatahini watoto kwayo. Sikumbuki hata mfano mmoja niliouandika ambamo mgonjwa aliulizwa maumivu huanza saa ngapi.

Na nomino zenyewe hazitusaidii. Neno "tumbo" limebebeshwa mzigo usio wake: ndani yake hukaa chakula, mimba, hedhi, njaa na hofu. Mwenye vidonda vya tumbo na mwenye maradhi ya mji wa mimba wote wanaumwa na tumbo. "Nyonga" kwa watu wengi ni mahali paja linaposhikana na kiwiliwili, pale anapovunjika mzee akianguka, wala si bakuli zima la mifupa linalobeba uzazi. "Kinena" hulichekesha darasa langu la mwaka wa kwanza. Na "mshipa" ndio msiba mwenyewe. Neno hilo hilo moja hutumika kwa damu inayokwenda, kwa damu inayorudi, kwa neva, na kwa wengine hata kwa ngiri. Dada yangu aliwahi kumwambia mhudumu mmoja kwamba anahisi mishipa inamvuta kwa ndani. Naam, ilikuwa kweli tupu, kweli kuliko alivyojua mwenyewe. Aliandikiwa dawa ya kuchua.

Simlaumu mhudumu huyo kwa hilo. Angejuaje ni mshipa upi? Lugha ya kitaalamu tunayo: vena, ateri, vali na neva yamo katika Kiswahili kwa miaka mingi. Lakini biolojia shuleni mwetu husomeshwa kwa Kiingereza, na mtoto huyajua mambo haya kwa lugha ya mtihani, si kwa lugha atakayozungumza na mamaye jikoni. Msichana anaweza kupata alama zote kwa mchoro wa vali na asiweze kumweleza mama yake kwa nini miguu yake imetoka mishipa.

Pamoja na hayo kuna tafsida, ambayo sitaki kuidharau kwa kuwa ni adabu yetu. Mwanamke aliyelelewa vyema haumwi na kiungo, huumwa na "huku chini". Hapati hedhi, bali "yuko mwezini". Maumivu yanayofuata tendo la ndoa hayataji kabisa, hasa mbele ya daktari kijana aliye sawa na mwanawe, pazia likiwa limefunguka nusu na foleni ikisikiliza. Sidhani dawa yake ni kumfundisha mwanamke ukavu wa macho. Daktari ndiye apaswaye kuliuliza swali kwa namna inayojibika: "Mama, ukishakuwa na mzee nyumbani, hubaki unaumwa?" Hiyo ni tafsida nayo ni uchunguzi wa kitabibu vilevile. Na pazia lifungwe.

Tusidhani kwamba tatizo la maneno ni letu peke yetu. Mwaka 1949 Howard Taylor wa Marekani aliandika kwa kirefu kuhusu msongamano wa damu ndani ya nyonga, na katika kutafuta chanzo aliuhusisha na mihemko ya moyo. Kwa miaka mingi baadaye mwanamke mwenye maumivu yasiyoonekana alihesabiwa kuwa mgonjwa wa mawazo. Mwaka 1984 Richard Beard na wenzake huko London walitumia eksirei na dawa maalumu ya kuzidhihirisha vena, na wakaonyesha kwamba wengi wa wanawake waliokuwa na maumivu ya muda mrefu bila sababu kujulikana walikuwa na vena zilizotanuka. Majina yakaendelea kuzaliwa, hata hivyo, kila kundi la madaktari likikitaja kipande lilichokiona: hawa figo, hawa ovari, hawa miguu. Mwaka 2021 jopo la wataalamu kutoka mataifa mbalimbali lilichapisha mfumo mpya. Majina ya zamani yawekwe kando, maradhi yote yaitwe kwa pamoja maradhi ya vena za nyonga, na kila mgonjwa aelezwe kwa mambo matatu: dalili zake, mahali vena zilipovimba, na chanzo cha uvimbe huo. Kama mwanaisimu nilifurahi kuona kwamba dalili ndizo zilizotangulizwa, na dalili ni maneno ya mgonjwa.

Narudi kwa dada yangu. Daktari wa pili alikuwa mama wa makamo. Hakuanza na tumbo. Alimuuliza, "Mwalimu, wewe hufundisha ukiwa umesimama au umeketi?" Kisha: "Na huanza saa ngapi?" Dada alijibu, "Saa nane hivi, daktari. Ikifika saa tisa siwezi kugeuka kuandika ubaoni." Akaulizwa habari ya hedhi, ya uzazi, ya mishipa ya mapajani, na lile swali jingine, mlango ukiwa umefungwa. Dakika kumi hazikutimia. Karatasi iliyotoka chumbani humo ilikuwa na mistari minne.

Mpimaji aliisoma, akamlaza kwanza kama kawaida, kisha akamwinua, kisha akamsimamisha kando ya kitanda akiwa ameshikilia reli. "Ziba pumzi, mama. Jikamue. Endelea, endelea." Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikikitazama kioo. Utepe wa buluu uliokuwa ukipanda taratibu upande wa kushoto ulisita, ukafifia, halafu ukawa mwekundu wote, na ukabaki mwekundu mpaka aliporuhusiwa kuvuta pumzi. Kipenyo kilikuwa milimita 8. Dada yangu, ambaye hakuwa akiona kioo, aliuliza, "Je, kuna kitu?" Mpimaji akamwambia, "Kipo, mama," na dada akaanza kulia, si kwa hofu.

Matibabu yana njia zake, kuanzia dawa za homoni hadi kuiziba vena iliyoharibika kwa koili ndogo zinazopitishwa kwa mrija mwembamba, na mwenye kuamua ni daktari pamoja na mgonjwa wake. Sitayaeleza kwa urefu hapa. Dada yangu alichagua ya pili. Bado hufundisha, amepewa kiti kirefu cha mbao anachokalia akisahihisha, na mwalimu mkuu aliyekuwa akiziandika siku zake za kukosa kwa wino mwekundu alimletea kiti hicho mwenyewe.

Ripoti mbili za uchunguzi ninazo nyumbani ndani ya bahasha moja, na muhula huu nilizipeleka darasani, majina yakiwa yamefunikwa, ili wanafunzi wazilinganishe kama matini. Waliona haraka kwamba ya kwanza ina mistari mitano na ya pili ina ukurasa mzima. Msichana mmoja aliyeketi nyuma ndiye aliyeona jambo nililokuwa nikilitafuta. Katika ripoti ya pili, mstari wa kwanza kabisa, kabla ya kipimo chochote, mpimaji alikuwa ameandika kwamba mgonjwa alichunguzwa akiwa amelala na pia akiwa amesimama. Katika ile ya kwanza, alisema msichana huyo, hakuna palipoandikwa mgonjwa alikuwa amekaa vipi.

Kisha akajisahihisha. "Samahani, mwalimu. Sijapaona."